Kila Jahazi na Shehena Yake

Wanangu mnaoandika programu hapa Mombasa, mnaokutana pale Swahilipot karibu na Fort Jesus na mnaokesha na kompyuta vibarazani Mji wa Kale, nisikilizeni. Mmefunzwa Java, mkaamini hakuna programu bila klasi. Leo mmeshika Lua, na kabla hamjaijua mnatafuta klasi. Msipoiona mnaiunda, kisha mnapandisha nyingine juu yake, hata msimbo wa kurasa tatu unakuwa na ghorofa nne. Acheni haraka hiyo.

Lua iliundwa mwaka 1993 na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil. Waliitaka nyepesi, iweze kutiwa ndani ya programu nyingine. Nguzo yake ni jedwali. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2003, jedwali hupewa metajedwali, na __index ndani yake huiambia Lua: ukikosa jina hapa, katafute kule. Klasi mnayoililia ni hiyo tu.

Na hapo ndipo vijana wanapoumia. Tuseme mnaandika programu ya majahazi ya Bandari ya Kale. Mkaandika Jahazi.shehena = {}, mkidhani kila jahazi litapata shehena yake. Halipati. Orodha ni moja, iko kwenye jedwali la Jahazi. Mkilitia jahazi la kwanza magunia ya mchele kwa table.insert, la pili nalo litaonekana limebeba mchele ule ule, maana lenyewe halina orodha. Limetumwa kutazama kule juu. Lua haitoi onyo lolote. Mwenye mali ndiye atakayekuja kuuliza.

Orodha hiyo iundeni ndani ya fanksheni Jahazi.mpya, kila chombo kinapoundwa. Mchunge na nukta pacha: j:pakia("mchele") hupeleka jahazi kwanza, mchele baadaye; lakini j.pakia("mchele") huuweka mchele mahali pa jahazi. Na ikiwa mashua pia hupakia, ipeni fanksheni ile ile ya kupakia. Si lazima mwiundie klasi ya babu.

Kabla hamjapakua maktaba ya klasi ya mtu mwingine, yaandikeni haya kwa mikono yenu, kisha mchapishe rawget(j, "shehena"). Jibu likija nil, jahazi lenu linatumia orodha ya kuazima.