Ami Ataka Namba

Mwezi uliopita, Ami mmoja wa mtaani kwetu Makadara alikuja barazani baada ya Laasiri, akaagiza kahawa thungu, akanywa vikombe viwili kimya, kisha akasema anataka kuchezea timu yetu. Timu yake ya zamani imevunjika. Wenzake wengine wamehamia Nyali na Bamburi, wengine magoti yamewashinda. Yeye bado yumo. Ana miaka 41, kazi yake ni kutupa mpira, na timu yetu ya kriketi, ile ya mpira wa tenisi uliofungwa tepu, ina nafasi 11 tu.

Sote tukasema, "Karibu Ami." Alipoondoka tukatazamana.

Niseme mapema kwamba mimi si hakimu asiye na upande. Ni mmoja wa watatu wanaochagua timu, na ambaye angempisha Ami ni kijana wa miaka 17 anayetupa kwa kasi ya ajabu, ila mipira mingine huenda kusikojulikana. Nimemfundisha mwenyewe, kwenye kona ya uwanja wa Makadara, mwaka mzima.

Mjadala ukaanza, na haikupita dakika tano mtu akamtaja Aasif Karim.

Kama hukumdiriki: Karim ni mtoto wa Mombasa, alizaliwa hapa Desemba 1963. Aliichezea Kenya kriketi, na tenisi pia, kwenye Davis Cup. Alikuwa nahodha wa Kombe la Dunia la kriketi la 1999, kisha akastaafu. Kombe la 2003 lilipokuja akarudi, akiwa na miaka 39, lakini timu aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Nahodha alikuwa Steve Tikolo, kocha alikuwa Sandeep Patil kutoka India, na mtupaji aliyekuwa midomoni mwa watu alikuwa Collins Obuya, kijana wa miaka 21, ambaye tarehe 24 Februari aliwatoa wapigaji 5 wa Sri Lanka pale Nairobi. Kenya ikashinda.

Tarehe 15 Machi, Durban, Kenya ikakutana na Australia, mabingwa watetezi. Tulipata mikimbio 174, ambayo kwa Australia ya wakati ule ilikuwa ni kifungua kinywa. Adam Gilchrist peke yake alipiga 67 kwa mipira 43. Halafu Karim akapewa mpira. Alitupa ova 8 na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu, akachukua wiketi 3: Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Ova 6 kati ya hizo hakutoa hata mkimbio mmoja. Australia walishinda, ndiyo, lakini mchezaji bora wa mechi akawa mzee wetu.

"Ponting mwenyewe!" mwenzangu akapiga goti lake. "Na wewe wamkatalia Ami?"

Nilikwenda nyumbani nikiwa na jambo lanikera. Katika mechi zake zote za siku moja za kimataifa, 34, Karim alichukua wiketi 27. Hazifiki moja kwa mechi. Kama ningekuwa kwenye kamati ya 2003 na karatasi hiyo mkononi, ningesema hapana, na kwa nilichokijua siku hiyo, sidhani ningekuwa mjinga. Je, Durban ilifanya uamuzi wa kumrudisha uwe mzuri, au ilifanya tu utokee vizuri? Hayo ni mambo mawili. Mvua ingenyesha siku ile, mechi ikavunjika, uamuzi ungebaki uleule na sisi leo tusingekuwa na hadithi.

Mwanafalsafa wa Uingereza, Bernard Williams, aliliandikia suala hili mwaka 1976. Mfano wake ulikuwa mchoraji anayewaacha watu wake aende visiwa vya mbali kuchora: akifaulu tunamwita msanii mkubwa, akishindwa ni mtu aliyetelekeza familia. Uamuzi mmoja, hukumu mbili, na kinachozitenganisha kimekuja baadaye. Barazani hatuna habari na Williams, lakini tuna ugonjwa huo. Waliorudi uzeeni wakapigwa mipira kila pembe ya uwanja, hakuna anayewataja kwenye kahawa. Wamarekani nao, katika besiboli yao, hupenda kumsimulia Jamie Moyer, ambaye Aprili 2012 alishinda mechi akiwa na Colorado Rockies kwa umri wa miaka 49, hakuna mtupaji mzee zaidi aliyewahi kushinda kwenye ligi kuu yao. Hawamalizii kwamba kabla msimu haujaisha timu ilikuwa imeshamwacha.

Lakini upande wa pili nao una uongo wake. "Kijana ndiye kesho," tunasema, kana kwamba kesho imewekwa benki. Obuya, baada ya lile Kombe, alipata mkataba Warwickshire, Uingereza. Ule utupaji uliomfikisha huko ukaja kumponyoka. Alijijenga upya kama mpigaji, na kwenye Kombe la 2011, dhidi ya Australia hiyohiyo, alimaliza na mikimbio 98 bila kutolewa. Nani kati ya waliomtazama 2003 angekisia njia hiyo? Miaka 21 haikuwa ushahidi wa chochote, kama vile miaka 39 haikuwa.

Ninachokiona mimi kwenye hesabu za Durban ni kidogo zaidi ya muujiza. Mpira wa kasi humsaidia mpigaji mwenye nguvu, kwa sababu kasi iko tayari, yeye ni kuielekeza tu. Karim alitupa polepole, kwa mkono wa kushoto, mahali palepale, mpira baada ya mpira. Umri huchukua mbio na pumzi. Kujua mpira utue wapi, huchelewa kukuchukua. Kwa hivyo swali la "ana miaka mingapi" ni la wavivu. Ulizia kazi yenyewe, na kama mkono bado unaiweza. Na hilo hulijui mpaka umtazame akitupa.

Hapo ndipo tulipokwama. Nani atamwambia Ami aje kufanyiwa majaribio? Mkubwa hajaribiwi, bwana. Mmoja akapendekeza tumpe namba kisha tumfiche mwisho wa uwanja. Mwingine akasema tumwambie "tutakupigia simu." Yote mawili tuliyaita adabu. Mimi niliyaona dharau: tulishaamua kwamba mtu mzima hawezi kuambiwa ukweli usoni.

Nikamfuata mwenyewe.

"Mwataka kunijaribu?" akauliza.

"Ndiyo, Ami."

Alinyamaza nikadhani nimeharibu. "Na yule kijana?"

"Pia."

"Haya. Na hiyo tepu mwaifunga vibaya, mpira wayumba. Nitaleta yangu."

Jumamosi walitupa ova 4 kila mmoja. Ova ya kwanza ya Ami ilipigwa mikimbio 14, na mpira mmoja ukaangukia kwenye kapu la muuza mihogo. Tatu zilizofuata, jumla 9. Kijana alivunja wiketi mara mbili, vizuri kabisa, na akatupa mipira 7 nje. Nilimpigia kura Ami, kwa sababu mashindano haya ni ya ova chache na mipira ya nje hutumaliza kila mwaka. Wenzangu wawili wakamchagua kijana. Nilikwenda kumwambia Ami siku hiyohiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza tunacheza na nani mechi ya kwanza.

Kijana alisikia habari ya kura yangu kabla ya Isha. Mpaka leo hanisemeshi. Juzi nilimkuta kwenye kona yetu ileile ya uwanja, yuwatupa polepole, na Ami amesimama pembeni na tepu mkononi. Nikapita upande wa pili wa barabara.