Msiuweke Mkoa Kwenye Anwani

Wanangu mnaoandika programu za wavuti hapa Mwanza, hamkawii. Mkifungua Laravel au Django, chai haijapoa ukurasa wa kwanza umeshasimama. Hapo sina neno. Neno langu ni juu ya faili la njia, lile linaloiambia seva: akija mtu na anwani hii, mpeleke kwenye kazi ile. Mnalijaza mwisho mwisho, huku mnafunga kompyuta. Na kosa la faili hilo halibaki kwenye kompyuta zenu, linakwenda kukaa kwenye simu za watu.

Tuseme mnajenga mfumo wa bei za samaki kwa mialo ya ziwa letu. Kijana anayependa mpangilio atataka anwani ifuate serikali: mkoa, wilaya, mwalo. Kabla ya 2012, mwalo wa Nkome angeuandika /mwanza/geita/nkome, na kwa macho inapendeza. Lakini mwaka 2012 Geita ilitoka Mwanza ikawa mkoa unaojitegemea, ikachukua na Chato kutoka Kagera na Bukombe kutoka Shinyanga. Mwaka huohuo Jiji la Mwanza lenyewe likamegwa, Ilemela ikapata manispaa yake. Kata ya Kirumba, ambayo haijasogea hata hatua moja, ikajikuta chini ya halmashauri nyingine! Mfumo uliojengwa kwa mtindo ule ungeamka asubuhi anwani zake kadhaa zikisema uongo.

Mkoa ni sifa ya mwalo, na sifa hukaa kwenye hifadhidata, ambako hubadilishwa bila mtumiaji kujua. Anwani ibaki /mialo/nkome. Anayetaka mialo ya mkoa mmoja mpeni kichujio nyuma ya alama ya kuuliza: /mialo?mkoa=geita. Serikali ikigawa mkoa tena, na itagawa, nyinyi mtalala usingizi.

Si mimi wa kwanza kulisema hili. Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki, akaonya watu wasitie ndani yake jina la mwandishi, hali ya waraka wala kiambishi cha faili. Anayeanika .php kwenye kila anwani atafanyaje siku akihamia Python?

Angalieni pia mfuatano wa mistari kwenye faili hilo la njia. Django huisoma orodha kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana. Mkitanguliza mialo/<str:jina>/ halafu mialo/mpya/ ikafuata chini yake, anayetaka kusajili mwalo mpya ataambiwa hakuna mwalo unaoitwa Mpya, nanyi mtahangaika na hifadhidata hadi usiku wa manane. Njia mahususi ziwe juu, zinazomeza kila kitu ziwe chini.

Kwenye kufuta sina utani. Mwaka 2005 Google ilitoa programu iliyoitwa Web Accelerator, iliyovifungua viungo vya ukurasa kabla mtu hajavibofya, ili ukifika ukute kila kitu tayari. Mifumo iliyokuwa imeweka "futa" kama kiungo cha kawaida ikaanza kupoteza kazi za watumiaji wake, na hakuna mkono wa mtu uliobofya. Nenosiri halikusaidia, maana programu ile ilikuwa ndani ya kivinjari cha mtu aliyekwisha kuingia. GET iacheni isome tu. Kufuta kupitie POST au DELETE.

Kila njia ipeni jina, na kwenye violezo vya kurasa liiteni jina hilo badala ya kuandika anwani kwa mkono. Laravel na Django zote zinaruhusu, kwa hiyo kutofanya hivyo ni uvivu tu.

Na mliokwisha kutoa anwani mbovu, msizifute kimyakimya. Wekeni jibu la 301, linaloviarifu vivinjari na injini za utafutaji kwamba ukurasa umehama na hautarudi. Mfanyabiashara wa dagaa pale sokoni Mwaloni akishamtumia mteja wake wa Kongo kiungo kwa WhatsApp, hatamtumia kingine kwa sababu eti nyinyi mmepanga upya mafaili. Mteja akikuta 404, atasema mtandao wenu ni wa hovyo, na bei ataiuliza kwa simu kama zamani.