Wazo la Leo: Siku Mbili Prague

Sehemu kongwe ya Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, inawafaa marafiki wenye siku mbili tu, kwa kuwa vivutio vyake vikuu hufikika kwa miguu. Saa ya falaki ya mwaka 1410, kwenye mnara wa ukumbi wa mji, bado huonyesha mwendo wa jua na mwezi. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357, lina sanamu 30 na huvuka mto Vltava kuelekea upande wa kasri la mji huo. Mchana daraja hilo hufurika wageni. Alfajiri hupitika kwa raha. Kundi lenye busara huchagua machache, hukubaliana mapema juu ya gharama, na humwachia kila mmoja saa chache za kwenda apendako.