Lazaro Yuko Langoni Petu

Somo: Luka 16:19–31



Katika mfano huu Yesu hasemi kwamba tajiri alimpiga Lazaro, wala kwamba alimfukuza. Anatuonyesha mtu aliyevaa vizuri na kula vizuri kila siku, na langoni pake maskini mwenye vidonda na njaa. Tena tajiri alimfahamu, maana kule kuzimu anamtaja kwa jina. Dhambi yake ni kwamba alizoea kumpita.

Tuviangalie vile vidonda. Mwili usiopata chakula huchelewa kupona, na anayelala nje hana pa kujisafishia. Hata kama mganga angepita akampaka dawa, Lazaro angebaki pale pale langoni na vidonda vingerudi. Chanzo cha ugonjwa wake kilikuwa mezani kwa tajiri.

Nasi tunao akina Lazaro wetu. Simama jioni kwenye duka la dawa la mtaani, Manzese au Mbagala, jijini Dar es Salaam. Mama anafika na cheti cha daktari. Dawa ni ya siku 5. Anauliza bei, anahesabu noti zake, kisha anaomba ya siku 2. Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge vinavyotosha hela ile, anamfungia. Mama anajua fika kwamba dozi haijatimia, lakini nyumbani watoto wanasubiri unga. Kesho alfajiri, homa au pasipo homa, atakuwa kwenye jiko lake la vitumbua, kwa sababu siku asipouza hawali.

Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, wote tulihimizwa kunawa mikono na kuchemsha maji. Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini anayenunua maji kwa ndoo huyapima: ya kupikia kwanza, ya kunawa baadaye. Na mkaa wa kuchemshia nao unanunuliwa.

Tusidhani kwamba hospitali peke yake zingemaliza tatizo. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani, chini ya Michael Marmot, ilieleza habari za jiji la Glasgow, Uingereza, nchi ambako matibabu ya umma hayalipiwi mlangoni. Mtoto wa kiume wa mtaa maskini wa Calton alitarajiwa kuishi miaka 28 pungufu kuliko yule wa Lenzie, mji wa jirani wenye hali nzuri. Kazi, nyumba, chakula na hofu ya kesho vilikuwa vimeshaamua mengi kabla mgonjwa hajamwona daktari.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tuishukuru, na tuidai imfikie yule asiyemudu mchango. Lakini mengine yako mikononi mwetu tunaokaa kwenye viti hivi. Baadhi yetu tuna nyumba za kupangisha, wapangaji kaya nane kwa choo kimoja, na kodi tunapokea miezi sita mbele. Baadhi yetu tuna dada wa kazi na mlinzi ambao wakiugua tunawakata mshahara. Halafu Jumapili tunaomba Mungu awaponye. Mtume Yakobo aliwakemea wanaomtakia ndugu heri bila kumpa mahitaji ya mwili.

Basi wiki hii, kila jumuiya iorodheshe kaya zake zisizo na bima, na wenye uwezo wachangie. Mwenye nyumba ajenge choo cha pili na kuvuta maji kabla ya kupandisha kodi. Mwajiri amlipe mgonjwa siku zake za kuugua. Na tunapowaombea wagonjwa, tuulize pia nani kati yetu anawaugulisha. Tajiri wa mfano alitaka kutenda baada ya kufa, akachelewa. Sisi bado tuko hai, tutende sasa.