KHUTBA YA IJUMAA: WANAOTUBEBEA MZIGO WETU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu wa Kibati, wababa, wamama na vijana, nawausia ninyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira (R.A.) habari ya mtu, inasemekana alikuwa mama mweusi, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Siku moja Mtume hakumwona, akamuulizia. Akaambiwa kwamba amefariki na wamekwisha kumzika. Masahaba waliona jambo lake ni dogo. Mtume akawalaumu kwa kutompa habari, akaomba aonyeshwe kaburi, akaenda kumswalia pale.

Mama yule hakuwa na cheo wala mali, ila Mtume aliona kwamba hayupo. Sisi je, tunawaona wa kwetu?

Kibati iko njiani, na kila shida ya Rutshuru na ya Goma inapita mlangoni petu. Mwaka 2008 hapa palijaa kambi za wakimbizi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, moto ukakata barabara, watu wakakimbia usiku, watoto wakapotezana na wazazi. Kuanzia 2022 ndugu zetu walijaa Kanyaruchinya. Januari 2025 vita viliingia Goma, na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakaokota maiti na kuzizika. Februari yake kambi zikavunjwa, watu wakapita na mizigo kichwani.

Katika hayo yote, wako waliosimama bila kuitwa. Mama aliyegawa maji ya mvua ya tanki lake hadi yakaisha. Kijana wa chukudu aliyepeleka mgonjwa asidai faranga. Hakuna aliyeandika majina yao kwenye orodha. Na wengine wetu tumezoea kuuliza kwanza: kuna motisha? Kuna jile?

Nitasema neno linalonihusu mimi mwenyewe. Alifariki mzee mkimbizi, hana mtoto wala ukoo hapa. Tuliketi msikitini tukijadili bei ya sanda mpaka Adhuhuri. Tulipotoka tukakuta vijana wanne wamekwisha kuanza kuchimba. Mnalijua jiwe letu la volkano: unapiga tarimbo tangu asubuhi na shimo halijafika kiunoni. Mmoja wa wale wanne hakuwa hata Muislamu, alikuwa jirani tu. Na mimi imamu nilikuwa ningali na maneno. Niliona haya, na mpaka leo naona haya.

Ndugu zangu, wanazuoni wametufundisha kwamba kumwosha maiti, kumvisha sanda, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakifanya wachache, wote tumesalimika. Asipofanya mtu, dhambi ni yetu sote. Basi wale wachache hawatusaidii kazi tu, wanatuondolea dhambi shingoni.

Lakini tazameni: mikono ni ile ile. Katika vijana wanne, mmoja amehama, mwingine mgongo umemkatalia. Wamama wanaoosha maiti za wanawake wamebaki wawili, na mmoja ni mzee. Siku wote wawili wakiwa wagonjwa, nani atamwosha binti yako?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kuhudhuria jeneza mpaka likaswaliwa ana kirati moja, na mwenye kukaa mpaka likazikwa ana kirati mbili. Akaulizwa kirati mbili ni nini, akazifananisha na milima miwili mikubwa. Sisi tunaoamka kila asubuhi tukiitazama Nyiragongo tunajua ukubwa wa mlima. Na katika vita vya Handaki Mtume mwenyewe alibeba udongo pamoja na watu wake.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, leo mkitoka, mshike mkono mmoja wa watu hawa, umwambie ahsante na umwombee dua. Pili, anayechimba kaburi amepoteza siku yake ya kazi na watoto wake wanangoja. Apelekewe chakula, na mwenye tarimbo au sururu alete msikitini ikae tayari. Tatu, wamama na mabinti waje kujifunza kuosha maiti kwa hawa wamama wawili maadamu wapo, na vijana vilevile kwa wazee. Usingoje jirani aanze.

Ee Mola wetu, wape afya wanaotutumikia, warehemu waliotangulia katika kazi hiyo, tuondolee uvivu, na uijalie Kibati na nchi yetu amani. Amin.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe, msomee asiyejua kusoma.)