Kabla Hujamnyang'anya Mtoto Simu

Wazazi wa Kisangani, wa Makiso, wa Mangobo, na ninyi wa ng'ambo ya mto kule Lubunga, haya nimeyasema hadi koo limekauka. Nitayarudia polepole. Kila anayenijia anataka nimfundishe kumnyang'anya mtoto simu. Hakuna anayejiuliza nani alimfungulia mtoto akaunti ya mtandaoni.

Mnamjua. Ni yule kijana muuza yunite za simu chini ya mwavuli. Mtoto ana miaka 10. Facebook na TikTok hazimpokei aliye chini ya 13, kwa hiyo kijana aliandika 18, nawe umesimama hapo hapo unahesabu chenji. Tangu siku hiyo mtandao unamhesabu mwanao mtu mzima. TikTok humzuia asiyefikisha miaka 16 kuandikiana faraghani na watu. Kwa mwanao hakuna kizuizi. Na neno la siri alilichagua yule kijana. Tena umeme ukikatika, simu hiyo hiyo inapelekwa kibandani kuchajiwa, inashinda mezani pa watu bila hata namba ya kuifunga, picha zote za nyumbani zimo.

Hayo hurekebishwa kwa siku moja. Linaloninyima usingizi ni jingine. Mtu asiyejulikana huanza na salamu tamu. Atajiita mwanafunzi wa chuo kikuu, UNIKIS, atamsifu binti, atamtumia mega za intaneti. Siku zikipita ataomba picha. Akishaipata, maneno yake ni haya: "Nitamwonyesha papa yako." Oneni anachokishika mkononi: hasira yako, papa. Mtoto anayejua fimbo inamngoja atatuma picha ya pili, ataiba hela ya soko, atanyamaza mpaka aharibikiwe.

Basi mwambie leo, kabla ya lolote kutokea: ukitishwa, njoo kwangu, sitakupiga. Na akija kweli, meza hasira kwanza. Usifute ujumbe, usilipe hata franka moja, maana aliyelipwa jana atarudi kesho. Hifadhi namba na maneno ya anayemtisha, uende polisi, uulize kitengo cha kulinda watoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na tangu Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali.

Nasi wakubwa tujitazame. Ugomvi wa makabila mawili, Wambole na Walengola, ulipolipuka mwaka 2023, picha za maiti zilizunguka katika vikundi vya familia vya WhatsApp. Watoto wamo vikundini humo. Aliyezituma si mgeni, ni mjomba.

Kwenye WhatsApp ya mtoto, ingieni sehemu ya faragha, kisha vikundi, mruhusu waliomo katika orodha ya namba zake tu. Msipofanya hivyo, yeyote mwenye namba ya mtoto anaweza kumwingiza kikundini mwake. Mama mmoja aliniambia hawezi kumuuliza mwanawe mambo hayo, ataonekana mjinga. Mama, muulize hivi: "Kuna mtu ananisumbua humu, nionyeshe namna ya kumfungia." Atakuonyesha mara moja. Akishamaliza, muulize yeye amewafungia wangapi, na kwa nini.