Nililia kwa Picha, Mtu Sikumsalimia



Wiki iliyopita mwanafunzi mwenzetu alibandika maktabani picha 9 za mtu mmoja: yule anayeshinda kwenye stendi ya bodaboda nje ya msikiti wetu, akizungumza peke yake. Katika moja anakunja kanzu yake kwa uangalifu. Katika nyingine anacheka. Nililia. Kisha nikaona haya. Kila Ijumaa nampita mtu huyu nikiwahi safu ya mbele, na sijawahi kumtolea salamu.

Katika Sahihi Muslim, Anas (r.a.) amesimulia habari za mwanamke aliyekuwa na tatizo la akili, aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kwamba ana haja naye. Mtume alimwachia achague njia aitakayo, akakaa naye pembeni mpaka akamaliza haja yake. Haja yenyewe haikutajwa; kilichotajwa ni kwamba alisikilizwa.

Machozi yangu pale maktabani hayakumfaa yule ndugu kitu. Ijumaa hii nitatoka mapema, nimsalimie, nimuulize jina lake, nimsikilize. Allah atujaalie huruma inayomfikia mtu, isiyoishia kwenye picha. Amin.